MBWA ALIYEUMIA MGUU: KAZI YA MWENYEWE NA KAZI YA DAKTARI

Mji wa Keroka umejengwa juu ya mpaka wa Kaunti ya Kisii na Kaunti ya Nyamira, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Sotik na Kericho. Magari na pikipiki hupita humo mchana na usiku. Pande zote mbili za barabara hiyo nchi ni ya vilima, yenye mashamba madogo ya chai, migomba na mahindi, na nyumba za watu zimekaribiana. Katika nchi ya namna hii mbwa ana kazi yake. Hulinda ng'ombe na kuku, naye huwaamsha wenyeji mtu asiyejulikana aingiapo uani. Lakini mbwa huyo huyo ndiye agongwaye na pikipiki, akanyagaye kipande cha chupa na anaswaye na waya, hata karibu kila afugaye mbwa hupata kumwona siku moja akirudi nyumbani kwa miguu mitatu.

Hapo watu hukosea kwa njia mbili. Wako wanaosema kwamba mbwa hujilamba akapona, wakamwacha chini ya ghala mpaka mguu unaoza. Na wako wanaojifanya madaktari wao wenyewe, wakamwaga juu ya kidonda mafuta ya taa, majivu ya moto au oili chafu ya gari, kisha wakaufunga mguu kwa kamba. Njia zote mbili humtesa mnyama, na aghalabu humpotezea mguu ambao ungaliweza kupona. Yafaa kila mwenye mbwa ajue mpaka wa kazi yake. Saa ya kwanza ni yake yeye. Yanayofuata ni ya daktari wa mifugo.

KWANZA AFUNGWE MDOMO

Mbwa mwenye maumivu makali huuma, hata akiwa mpole kiasi gani, na hata akiwa ameshikwa na mtoto amlishaye kila siku. Kwa hiyo watoto waondolewe kwanza. Mtu mzima amwendee polepole kutoka upande, akimwita kwa jina, wala asimwinamie usoni.

Kisha achukue kitambaa kirefu chenye nguvu, cha urefu upatao mita moja, afanye kitanzi, akivike juu ya pua na taya za mbwa na kukikaza. Ncha mbili zivukishwe chini ya kidevu, zipelekwe nyuma ya masikio, na zifungwe hapo. Mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida asifungwe hivyo, maana aweza kukosa pumzi. Wengine huona huruma kumfunga mnyama aliye katika taabu, lakini wahenga walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

DAMU NA KIDONDA

Damu ikiwa inatoka kwa wingi, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa nguvu, bila kukiinua kuchungulia, kwa muda wa dakika kumi. Damu ikipenya, kitambaa cha pili kiwekwe juu ya cha kwanza. Kukifungua cha kwanza ni kuibandua damu iliyokwisha kuganda.

Damu ikiisha kukoma, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita. Maji haya huondoa udongo wala hayaunguzi nyama. Mafuta ya taa, oili na majivu hufanya kinyume chake: huiua nyama iliyo hai, na nyama iliyokufa ndiyo chakula cha vijidudu na mabuu ya nzi. Kipande cha chupa au msumari ulioingia ndani sana using'olewe nyumbani, kwa kuwa huenda ndio unaoziba mshipa wa damu.

Mtu asimpe mbwa vidonge vya maumivu alivyonunua dukani kwa ajili yake mwenyewe. Dawa kama ibuprofen na diclofenac, ambazo watu wengi huzitumia, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na paracetamol yaweza kumharibu ini. Dawa za maumivu zifaazo mbwa zipo, lakini kipimo chake hutolewa na daktari kwa kadiri ya uzito wa mnyama.

Kidonda kilicho wazi chataka kumfikia daktari siku ile ile, na hasa ndani ya saa sita za kwanza. Katika muda huo vijidudu havijaenea, na kidonda chaweza kusafishwa na kushonwa. Kikikaa siku mbili, mara nyingi hakishoneki tena. Hapana budi kiachwe kijifunge chenyewe polepole, nayo ni kazi ya majuma mengi.

MFUPA ULIOVUNJIKA

Mguu ukining'inia, au ukiwa umepinda mahali pasipo na kiungo, au mbwa akikataa kabisa kuukanyagia, yafaa kudhani kwamba mfupa umevunjika. Mfupa ukiwa umetokeza nje, ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi, wala usisukumwe kurudi ndani.

Wengi hutaka kuufunga mguu kwa vijiti papo hapo. Yafaa ieleweke kwa nini jambo hili ni la hatari. Vijiti havina faida ila vikizuia kiungo kilicho juu ya pale palipovunjika na kiungo kilicho chini yake, vyote viwili. Katika sehemu ya chini ya mguu mtu aliyefundishwa aweza kufanya hivyo. Lakini mfupa wa paja ukivunjika, kiungo cha juu ni nyonga, ambayo haifungiki kwa vijiti. Vijiti vikifungwa pajani huwa kama uzito uning'iniao, vikazidi kuitenganisha mifupa. Tena kamba ikikazwa, mguu huvimba chini yake, damu haipiti, na vidole hupoa na kufa. Daktari akimpokea mbwa kama huyo hana tena mguu wa kutibu, bali wa kukata.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni kumlaza mbwa juu ya ubao, au juu ya blanketi au gunia lishikwalo pembe nne na watu wawili mfano wa machela, mguu ulioumia ukiwa juu. Asipewe chakula kabla ya kuonwa na daktari, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi wa dawa, na mnyama aliyeshiba aweza kutapika usingizini na kusongwa. Mbwa aliyegongwa na gari apelekwe hata kama mguu waonekana kuwa mzima, maana huenda ameumia kifuani au tumboni mahali pasipoonekana kwa macho.

ACHECHEMEAYE BILA JERAHA

Si kila mbwa achechemeaye amegongwa. Mguu utazamwe kuanzia chini kwenda juu: kucha, nyayo, katikati ya vidole, kisha viungo, ukilinganishwa na mguu wa pili. Huenda ni mwiba tu. Huenda pia ni funza, ambao huingia katika nyayo za mbwa kama waingiavyo katika miguu ya watu. Funza wa mbwa na funza wa mtoto ni mdudu yule yule. Huzaliana katika vumbi la sakafu, hata haifai kumtibu mmoja na kumwacha mwingine. Sindano iliyotumiwa kwa mbwa isitumiwe kamwe kwa mtu. Mbwa asiye na kidonda, aukanyagiaye mguu wake ingawa kidogo, aweza kupumzishwa siku moja au mbili akiwa amefungwa. Asipopata nafuu, aonwe na daktari.

Liko jambo moja lililo zito kuliko haya yote. Kichaa cha mbwa hakiji sikuzote kwa ukali na kuuma ovyo. Kwa mbwa wengine huja kwa kimya: miguu ya nyuma hulegea, mnyama hupepesuka, taya hushuka, mate humtoka, na kumeza humshinda. Mwenyewe hudhani kwamba mbwa ameumia mguu au amekwamwa na mfupa kooni, akamtia mkono kinywani. Mkono huo waweza kumgharimu uhai wake, kwa kuwa ugonjwa huu, dalili zake zikiisha kumtokea mtu, karibu kila mara humwua. Mbwa anayepepesuka bila sababu ijulikanayo asiguswe. Afungiwe mahali pake, na daktari wa mifugo apewe habari upesi.

Vivyo hivyo, ikiwa jeraha la mguu ni la kuumwa na mbwa mwingine au mnyama wa mwituni, daktari aambiwe wazi. Na mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za kinga. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Serikali ya Kenya imeweka mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu, na msingi wake ni kuwachanja mbwa kila mwaka.

NI NANI DAKTARI?

Si kila auzaye dawa za ng'ombe ni daktari. Kwa sheria ya mwaka 2011, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huwaandikisha madaktari na wasaidizi wao na kuwapa vibali. Daktari amesoma chuo kikuu kwa muda wa miaka mitano. Msaidizi amesomea afya ya mifugo kwa muda mfupi zaidi, naye hufanya kazi chini ya uongozi wa daktari. Msaidizi aweza kusafisha kidonda na kuchanja, lakini kupasua na kuunga mifupa ni kazi ya daktari. Si utovu wa adabu kumwomba mtu akuonyeshe kibali chake, wala si aibu kuuliza gharama kabla ya kazi kuanza.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Wakazi wa Keroka na walangalie jambo hili, kwa sababu majirani wawili waweza kuwa katika kaunti mbili. Kila mmoja ajue mapema ofisi ya mifugo iliyo yake, aandike nambari ya simu ya daktari na kuibandika ukutani, ili asianze kuulizia usiku mbwa akiwa analia.

Daktari akiisha kuuona mguu atamweleza mwenyewe njia zilizopo: banzi au plasta, au kuunga mfupa kwa vyuma, au kuukata mguu usiofaa tena. Watu wengi hushtuka wasikiapo neno la kukata, lakini mbwa wa miguu mitatu hutembea, hukimbia na kulinda nyumba kwa miaka mingi. Mfupa wa mbwa mzima huchukua kama majuma sita hadi kumi na mawili kuungana. Siku hizo zote afungwe mahali pakavu, asiruke, asilambe bendeji. Na kila asubuhi vidole vyake viguswe. Vikiwa baridi, au vimevimba, au bendeji ikinuka, arudishwe kwa daktari siku ile ile.

Na ikiwa hapana tumaini la kupona, daktari anayo njia ya kumpumzisha mnyama bila maumivu. Kumwacha afe kidogo kidogo kichakani si huruma, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji mtu amwachaye mnyama wake ateseke bila sababu. Mbwa hawezi kusema ni wapi panapomwuma. Yule ambaye nyumba yake imelindwa naye usiku kucha ndiye apaswaye kumsemea kwa daktari.