Kisa Kama Chombo cha Kufundishia Kazi

Katika sehemu nyingi za kazi, mfanyakazi mgeni hukabidhiwa kijitabu cha kanuni akaambiwa akisome. Haupiti muda kanuni nyingi humtoka; lakini kisa alichosimuliwa na fundi mkongwe wakati wa chai, jinsi mkanda wa mashine ulivyomnasa mtu mkono, hukikumbuka chote.

Mwaka 1969 wataalamu wa saikolojia Gordon Bower na Michal Clark, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanafunzi orodha 12, kila moja ikiwa na maneno 10. Kundi moja liliagizwa kuyaunganisha maneno ya kila orodha kwa kutunga hadithi. La pili lilijifunza lipendavyo, kwa muda ule ule. Walipotakiwa mwishoni kuyataja maneno yote, kundi la kwanza lilikumbuka kiasi cha asilimia 93, na la pili asilimia 13. Katika hadithi jambo moja huvuta jingine: akili ikishika ncha ya uzi, yaliyosalia hufuata.

Lakini kukumbuka orodha si kufanya kazi. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya KLM alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Kulikuwa na ukungu mzito, na ndege ya Pan American ilikuwa bado katika njia ile ile. Mhandisi wa ndege aliuliza kama wenzao walikwisha toka njiani. Rubani, ambaye alikuwa pia mkufunzi mkuu wa ndege za aina hiyo katika shirika lake, alijibu kwa yakini kuwa wametoka. Mhandisi akanyamaza. Watu 583 walikufa.

Kanuni ya kusema unapokuwa na shaka yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja, na mwanafunzi akaikariri bila kujua ugumu wake. Kisa humweka katika kiti cha mhandisi yule, mbele ya mkubwa mwenye sifa. Ndiyo maana ajali hiyo ingali ikifundishwa kwa marubani katika mafunzo ya ushirikiano kazini, ambayo shirika la United la Marekani lilikuwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kuyaanzisha, mwaka 1981.

Mkufunzi stadi hasimulii kisa mpaka mwisho kwa mfululizo. Hukikata pale penye uamuzi, akauliza: ungefanya nini? Aidha huacha mapambo, kwani msikilizaji huondoka na pambo akasahau sababu.

Mwalimu wa kemia aweza kufanya vivyo hivyo. Badala ya kuamuru tu kwamba asidi ya salfa imiminwe ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, na aanze na mwanafunzi aliyeshika kikombe cha maji juu ya chupa ya asidi kali. Maji ni mepesi kuliko asidi, hukaa juu. Joto ni jingi, nayo huchemka ghafla. Hapo asite, awaulize darasa matone yale yatarukia wapi.