Boti Haiulizi Alama

Mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, huisha mwishoni mwa Novemba, na matokeo hutoka Januari. Hapo katikati pana majuma machache tu, lakini kwa kijana wa Remba majuma hayo huamua mengi kuliko karatasi anayoisubiri. Anashuka ufukoni na sanduku la bweni, godoro limekunjwa begani, na kabla ya usiku wa pili ameshaitwa: boti ya fulani imepungukiwa mtu. Boti haiulizi alama. Inauliza kama una mikono ya kuvuta nyavu. Asubuhi samaki wakishapimwa, ikatolewa gharama ya mafuta na chakula, na mwenye boti akachukua fungu lake, kinachobaki kinagawanywa na kijana anapewa chake mkononi. Januari ikifika na matokeo yake, yeye ni mvuvi tayari, ana simu mpya na ana watu wanaomtegemea.

Kwa asiyeijua Remba, ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, maeneo ya Mfangano na Ringiti. Migingo, jirani yake wa upande wa Migori, ndiyo iliyovuma magazetini kwa sababu ya mzozo wa Kenya na Uganda. Remba hakulimwi wala hakufugwi. Nyumba za mabati zimebanana hadi majini, na ndani yake wanaishi Wajaluo, Wasuba, Waganda, Watanzania na wengine waliofuata samaki, mbuta na omena. Biashara ya usiku ni samaki, ya mchana ni samaki, na hata mabondo, yale mafuko ya hewa ya mbuta, yana wanunuzi wake wanaoyasafirisha hadi Uchina.

Kazi yangu ni kuwashauri vijana na wazazi juu ya masomo na kazi. Visiwani swali huja kwa namna moja: "Mwalimu, huyu amepata D+. Sasa tufanye nini?" Anayeuliza ameshajijibu moyoni. Kwake njia ni mbili, chuo kikuu au boti, na kwa kuwa chuo kikuu kimekataa, imebaki boti. Mgawanyo huo ni wa makosa, na umewagharimu vijana wengi miaka yao bora.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa shahada, walikuwa 246,391. Yaani katika kila wanne, watatu hawakufika. Basi anayedhani kwamba nje ya chuo kikuu hakuna kitu, anawaambia robo tatu ya vijana wa nchi hii kwamba hawana pa kwenda. Serikali yenyewe haisemi hivyo. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, halishughulikii shahada peke yake. Mwenye C- anaweza kuomba stashahada, yaani diploma. Mwenye D anaweza kuomba cheti cha ufundi. Aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana kozi za ufundi stadi za ngazi ya mwanzo. Na nafasi hizi za vyuo vya kiufundi hazifungiwi waliomaliza mwaka jana tu; waliofanya mtihani miaka ya nyuma nao huruhusiwa kuomba.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa ni kwamba vyeti hivi vimepangwa kama ngazi. Ufundi stadi uko ngazi ya 4, cheti cha ufundi ngazi ya 5, stashahada ngazi ya 6, shahada ngazi ya 7. Ukimaliza moja, unaruhusiwa kuomba ya juu yake. Kijana aliyeanza na E anaweza kupanda hadi stashahada bila kurudia Kidato cha Nne, na stashahada ikiwa nzuri, chuo kikuu kitamsikiliza. Sitamdanganya mtu kwamba safari hiyo ni fupi. Ni ya miaka kadhaa, na wengi huisimamisha katikati wakafanya kazi kwanza ili wapate ada. Lakini kusimama juu ya ngazi ya 5 ukiwa na kazi mkononi si sawa na kusimama ufukoni bila karatasi yoyote.

Mfano mkubwa wa jambo hili umezikwa kisiwani Rusinga, si mbali na Remba. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 kwa wazazi wa kisiwa hicho, alisoma shule ya Mang'u, lakini ada ilikosekana na masomo yake ya sekondari yakakatika. Mwaka 1948 aliingia mafunzo ya ukaguzi wa afya Nairobi. Ilikuwa kozi ya ufundi, ya kukagua usafi wa masoko na maziwa na vyoo. Akapata cheti, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College kule Oxford, na mwaka 1959 yeye ndiye aliyewapigania wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda kusoma Marekani. Huwa tunakumbuka ndege na kusahau ukaguzi wa vyoo, ilhali huo ndio mlango aliopitia.

Sasa nije kwa aliyekwisha kuingia botini, maana ndiye ninayemwandikia zaidi. Miaka mitatu ziwani humfundisha mtu kazi. Huyu anafungua injini gizani, anasafisha plagi, anabadilisha pini ya propela huku mawimbi yakimrusha. Yule anajua ubao upi unahimili maji na wapi pazibwe kwa pamba na lami. Mwingine anaweka barafu na samaki kwa mpangilio usioharibu minofu. Shida ni kwamba ujuzi huo unaishi mikononi tu. Akivuka kwenda Kisumu kutafuta kazi ya gereji, anahesabiwa mtu asiyejua chochote, na analipwa hivyo.

Kenya ina njia mbili za kuutoa ujuzi huo mikononi na kuuweka kwenye karatasi. Ya kwanza ni ya zamani: mitihani ya ufundi ya serikali inayoendeshwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo chake Kisumu. Mitihani hiyo ina daraja la III, la II na la I, na sehemu kubwa yake ni vitendo. Fundi wa mitambo, seremala, fundi umeme, fundi cherehani, wote wana mtihani wao. Njia ya pili ni mpya zaidi, ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka inayosimamia mpangilio wa sifa za masomo nchini. Hapo mtu hukusanya ushahidi wa kazi alizofanya, kama vile picha, barua za waliomwajiri na vifaa alivyotengeneza, kisha hukutana na watahini wanaomhoji na kumtazama akifanya kazi. Akifaulu anapewa cheti kilicho kwenye ngazi zile zile nilizozitaja. Hakuna anayemwambia arudi darasa la kwanza la somo analolijua kuliko mwalimu.

Mara nyingi nimemwona fundi wa injini akicheka ninapomweleza haya, akidhani ni maneno ya semina. Kisha hunyamaza, akauliza kituo kiko mtaa gani.

Na asome nini anayeanza upya? Ushauri wangu kwa kijana wa kisiwani ni kwamba asiukimbie uvuvi. Autazame kutoka pembeni. Samaki wa kuvuliwa hawaongezeki kama wavuvi wanavyoongezeka. Omena wenyewe hufungiwa upande wa Kenya tangu Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane, na miezi hiyo minne mtu asiye na kazi ya pili huishi kwa deni. Lakini kazi zinazouzunguka uvuvi zinakua. Ufugaji wa samaki kwenye vizimba umeenea kando ya ziwa, na kizimba kinataka mtu anayejua kupima oksijeni na joto la maji, maana maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda juu, samaki wa msimu mzima hufa kwa usiku mmoja. Barafu inataka fundi wa majokofu. Taa na vibanda vya kuchaji simu vinataka fundi wa umeme wa jua. Kiwanda cha minofu kinataka mkaguzi wa ubora, kwa sababu wanunuzi wa Ulaya hawapokei samaki ambaye rekodi zake hazijulikani.

Vyuo viko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Homa Bay kuna Mawego kwa ufundi, kampasi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kwa uuguzi na taaluma nyingine za afya, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Migori kuna Chuo Kikuu cha Rongo na kampasi nyingine ya KMTC. Kisumu kuna politekniki ya kitaifa. Na kwa aliye tayari kuvuka mpaka, wakala wa mafunzo ya uvuvi wa Tanzania, FETA, una kampasi Nyegezi, Mwanza, na nyingine Gabimori wilayani Rorya, ng'ambo tu ya Migori. Kabla hujavuka, waulize KNQA jinsi cheti cha huko kitakavyolinganishwa ukirudi.

Aliyepata C+ na zaidi nina neno moja tu kwake: asichague kozi kwa jina lake tamu. Atazame masomo yanayodaiwa na kozi hiyo, na aulize waliohitimu wanafanya kazi gani sasa.

Kwa wasichana lazima niseme wazi. Msichana akirudi kisiwani baada ya mtihani, boti haimwiti. Anaitwa na biashara ya omena, na nyuma ya biashara hiyo imejificha jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumuuzia samaki mwanamke anayelala naye. Kila mtu ziwani anaujua, na kaunti zetu zimelipa gharama yake kwa virusi vya ukimwi. Mzazi anayesema "akae kidogo auze omena tukitafuta ada" aelewe anamweka wapi. Kama ada ya chuo haijapatikana, kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, huku akikaa kwa shangazi bara, ni bora kuliko kungoja ufukoni. Hata aliyekwisha kuzaa hajafungiwa. Vyuo vya kiufundi hupokea kina mama.

Kuhusu pesa, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, si wa chuo kikuu peke yake; wanafunzi wa vyuo vya kiufundi nao huomba. Zipo pia basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Lakini mara nyingi misaada hiyo inadai kitambulisho, na Remba ndipo kinapokwamia. Mama Mkenya, baba Mganda au Mtanzania, mtoto amezaliwa kisiwani bila cheti cha kuzaliwa cha kuombea kitambulisho, na familia inadhani hana haki. Anayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia wa Kenya. Mmoja anatosha. Mzazi mwenye mtoto aliye sekondari aanze kufuatilia cheti cha kuzaliwa sasa, kwa chifu na kwa msajili, asisubiri Januari ya matokeo.

Na haraka hiyo ina sababu nyingine. Watoto walio sekondari chini ya mfumo wa 8-4-4 ndio wa mwisho, na KCSE yao ya mwisho ni ya mwaka 2027. Wanaowafuata wanakuja kwa mtaala mwingine.

Ombi langu la mwisho ni kwako mwenye boti. Unaye kijana anayekutengenezea injini kila wiki bila kuita fundi kutoka mji wa Mbita. Mtihani wa NITA hautamchukua msimu mzima. Mwandikie barua ya kuthibitisha miaka aliyokufanyia kazi, mwachie siku za kwenda Kisumu, na umwekee nafasi yake hadi arudi.