Lampo ya nyumba: mashine yetu ya kusaga inalipa ao hailipi?

Lampo ya soko tunaijua wote. Lampo ya ardhi na nyumba tunaikumbuka siku mtu anapofika na karatasi mkononi, na siku hiyo hatuna la kumjibu.

Sheria ya tarehe 10 Februari 1969, iliyo msingi wa lampo hii katika inchi yetu, inasamehe mashamba na mahali pa kufugia. Inasamehe pia nyumba ambamo mazao yanatengenezwa, kwa sharti moja: angalau 80% ya mazao hayo yatoke katika shamba la mwenye nyumba.

Tupige hesabu. Kikundi kimesaga mifuko 100 ya mahindi na mihogo. Mifuko 85 ni ya shamba lao, 15 ya majirani: wanasamehewa. Lakini kama 60 ni yao na 40 ya watu wengine, wanalipa, hata kama mashine ni ileile. Kwa hiyo shamba na nyumba viandikwe kwa jina moja, la kikundi, na kila mfuko uingie katika daftari: tarehe, na umetoka kwa nani. (Mtoto wa darasa la tano anaweza kuwasaidia, mimi ninawaona.)

Duka halimo katika msamaha huu. Wenye kutaka kiwanda kidogo, kuanzia dola 10 000, wana msamaha mwingine wa sheria ya uwekezaji ya 2002. Hauji wenyewe, unaombwa kwa ANAPI: mjini Kolwezi ni miaka 4, huku kwetu Kasaji miaka 5.