Bunduki ya upepo si kifaa cha kuchezea: Mambo ya kuzingatia kwa wakulima wa Songea

SONGEA, Ruvuma – Kila msimu wa mahindi, tangu mbegu zinapofukiwa mwezi Novemba na Desemba hadi mavuno ya katikati ya mwaka, mkulima wa Songea hulinda shamba lake dhidi ya waharibifu wa aina nyingi. Ndege hufukua mbegu, ngedere na nyani huvunja mahindi mabichi, nguruwe pori huangusha mimea usiku, na panya husubiri ghalani. Katika hali hiyo, bunduki ya upepo huweza kuonekana kuwa jawabu jepesi, kwa kuwa haitumii baruti na mlio wake ni mdogo. Wepesi huo usimfanye mwananchi aione kuwa sawa na manati. Anayetaka kuitumia porini au shambani anapaswa kujiuliza maswali mawili tofauti: je, anaruhusiwa kuwa na silaha hiyo, na je, anaruhusiwa kumuua mnyama anayemlenga?

Nguvu ya hewa iliyobanwa

Bunduki ya upepo husukuma risasi kwa hewa au gesi iliyobanwa. Baadhi hutumia springi inayokazwa kwa kukunja mtutu, nyingine hujazwa hewa kwa pampu, na nyingine hutumia mtungi mdogo wa gesi ya kabonidayoksaidi. Risasi zake ndogo, ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi, huwa na kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5.

Udogo huo hauiondolei silaha hii hatari. Mwishoni mwa karne ya 18, jeshi la Austria lilitumia bunduki za upepo vitani. Nchini Uingereza, bunduki ndefu ya upepo yenye nguvu inayozidi takriban jouli 16 huhitaji cheti cha silaha, na Scotland ilianza kudai leseni hata kwa zile zenye nguvu ndogo kuanzia Desemba 31, 2016. Risasi yake inaweza kupofusha jicho na, ikipigwa kwa karibu, kupenya ndani ya mwili wa binadamu.

Ruhusa ya kwanza: silaha

Hapa nchini, umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usajili hufanywa na Jeshi la Polisi. Mwananchi anayefikiria kununua bunduki ya upepo anashauriwa kufika kituo cha polisi kabla ya kutoa fedha, akiwa na maelezo ya aina na nguvu ya bunduki hiyo, ili aelezwe masharti yanayoihusu. Kauli ya muuzaji kwamba kifaa "hakihitaji kibali" haimkingi mnunuzi mbele ya sheria.

Leseni ya silaha humhusu mtu aliyetajwa ndani yake. Haiazimishwi kwa jirani, haipewi kijana anayelinda shamba, wala hairithiwi kimyakimya mmiliki anapofariki dunia. Familia iliyobaki na silaha ya marehemu inapaswa kutoa taarifa polisi ili utaratibu wa kisheria ufuatwe.

Ruhusa ya pili: mnyama

Kumiliki silaha kihalali hakumpi mtu haki ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni au kibali, na katazo hilo haliangalii kama mwindaji ametumia bunduki, mtego au mbwa. Kanga, kwale na sungura wa porini ni wadogo kwa umbo, lakini nao ni wanyamapori. Aidha, hifadhi za wanyamapori na za misitu zina masharti yake, hivyo maeneo kama Bustani ya Wanyamapori Ruhila na msitu wa Matogoro si mahali pa kujaribia shabaha.

Sheria inatambua pia kwamba mtu anaweza kulazimika kujilinda dhidi ya mnyama. Mnyama akiuawa katika mazingira hayo, taarifa itolewe mapema kwa mamlaka, na nyama, ngozi au meno yake yasichukuliwe kuwa mali ya aliyemuua.

Je, inamsaidia mkulima?

Kwa waharibifu wengi wa mashambani, bunduki ya upepo haitoi tiba. Nguruwe pori au nyani akipigwa nayo huweza kukimbia na jeraha, akateseka kwa siku kadhaa na kuwa hatari kwa atakayekutana naye. Makundi ya kwelea kwelea hayapunguzwi kwa kupiga ndege mmoja mmoja. Taarifa zake hupelekwa kwa afisa ugani ili zifike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Panya hudhibitiwa kwa usafi wa ghala, mitego na vihenge visivyopenyeka. Nyani na ngedere huhitaji ulinzi wa zamu baina ya majirani, hasa mahindi yanapokomaa.

Pale uharibifu unapofanywa na wanyama wakali kama tembo, mkulima atoe taarifa haraka kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa halmashauri ili uharibifu ukaguliwe ungali unaonekana. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au familia zilizopoteza ndugu, na ukaguzi huo ndio msingi wa madai.

Usalama nyumbani

Kwa mwenye silaha iliyoruhusiwa, kanuni ni zilezile za silaha yoyote: ichukuliwe kuwa imejazwa wakati wote, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio hadi wakati wa kulenga, na kilicho nyuma ya shabaha kijulikane. Risasi ikigonga jiwe au bati huweza kurudi. Silaha ifungiwe, risasi zihifadhiwe kando, na watoto wasifikie funguo. Vilevile, madini ya risasi ni sumu, hivyo mikono inawiwe baada ya kuyashika, na mizoga isiachwe ikaliwa na tai au mbwa.

Mwenye bunduki ambayo hana uhakika na uhalali wake asiifiche wala kuiuza kwa siri. Aanze kwa kutoa taarifa kituo cha polisi na kupata maelekezo kabla ya kuihamisha. Kwa dharura ya kiusalama, namba ya polisi ni 112.