Mfereji wa Transaqua na Mito ya Masisi na Walikale

Sehemu kubwa ya mito inayoteremka kutoka milima ya Masisi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haielekei Ziwa Kivu, ijapokuwa ziwa hilo liko karibu, bali hushika njia ya magharibi, ikaingia katika misitu ya Walikale, ikajikusanya katika mito ya Oso na Lowa, na hatimaye kumwaga maji yake katika mto Lualaba kati ya Kindu na Ubundu. Baada ya maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani, Lualaba huitwa Kongo, na kwa jina hilo hutiririka mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa muda wa takriban miaka arobaini maji ya upande huu wa mashariki yamekuwa yakihesabiwa katika mpango unaoitwa Transaqua, yaani mfereji mkubwa ambao ungekusanya sehemu ya maji ya matawimto ya Kongo na kuyapeleka kaskazini hadi Ziwa Chadi. Mpango huo unastahili kueleweka na kila mkazi wa Kivu Kaskazini, kwa kuwa mfereji unaounganisha mabonde mawili ya mito hauwezi kupangwa kwa haki, wala kugharimiwa kwa busara, pasipo kuanza na watu wanaoishi kwenye chemchemi zake.

Fikra ya kuyahamisha maji ya Kongo si ya jana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mhandisi wa Ujerumani Herman Sörgel alibuni mpango alioupa jina la Atlantropa, ambao ndani yake mto Kongo ungezuiwa kwa bwawa ili kuunda ziwa kubwa katikati ya Afrika na kuyasukuma maji mpaka Chadi; mpango huo ulibaki katika ramani, na watu ambao ardhi yao ingezamishwa hawakuhesabiwa kuwa na neno la kusema. Transaqua ilizaliwa kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Italia iitwayo Bonifica, kupitia mhandisi wake Marcello Vichi, ilitangaza pendekezo la mfereji wenye urefu wa kilomita 2,400 hivi, ambao ungeanzia mashariki ya Kongo katika eneo la Kivu, ungepita kaskazini kwa kuyakata matawimto ya upande wa kulia wa Lualaba na Kongo, ungeingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha ungeyamimina maji katika mto Chari, ambao ndio unaolilisha Ziwa Chadi kwa takriban asilimia 90 ya maji yake.

Kiini cha ufundi wa mpango huo ni kuyafanya maji yaende kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Mfereji hufuata kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu za nchi zenye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari, huku ukiteremka polepole sana. Kila unapokutana na tawimto, bwawa hujengwa ili kulizuia na kuligeuza, na mahali ambapo maji huanguka kutoka kimo kikubwa, mitambo ya umeme huweza kuwekwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni mgawanyo wa maji, yaani ukingo wa ardhi ulioinuka unaotenganisha bonde moja na jingine: mvua inayonyesha kusini mwa ukingo huo huenda Kongo, na ile ya kaskazini huenda Chadi. Kwa sababu maji hayapandi mlima, mfereji unapaswa kuchukua maji kutoka mahali palipo juu kuliko pale utakapouvuka ukingo, na hiyo ndiyo sababu wapangaji walielekeza macho yao kwenye miteremko ya mashariki badala ya kuyachota maji katika mto Kongo wenyewe, ambao huko katikati ya bonde uko chini mno. Lowa, pamoja na mito yote inayouingia kutoka Masisi na Walikale, ni miongoni mwa matawimto hayo ya kulia ambayo mfereji wa namna hii huyategemea.

Watetezi wa mpango husema kwamba kinachoombwa ni kidogo. Mto Kongo humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000 hivi kwa sekunde, ambazo kwa mwaka hukaribia kilomita za ujazo 1,300, ilhali makadirio ya karibuni ya Transaqua huzungumzia kilomita za ujazo 50 kwa mwaka, yaani kama asilimia 4. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inapimwa mdomoni mwa mto, maelfu ya kilomita kutoka mahali maji yatakapochukuliwa. Kilomita za ujazo 50 kwa mwaka ni sawa na mita za ujazo 1,600 hivi kwa kila sekunde, nazo hazitatoka katika mto mmoja mkubwa bali katika mito mingi midogo, ambayo kila mmoja utapoteza sehemu kubwa zaidi ya asilimia hiyo. Mvuvi wa Lowa, mwenye mtumbwi anayevusha watu na mizigo, na mkulima anayelima bondeni hawaishi kwa wastani wa mto Kongo. Huishi kwa mto ulio mbele yao, na hasa kwa kina chake katika miezi ya ukame. Kwa hiyo swali linalopaswa kujibiwa kwa kila tawimto ni kiasi gani cha maji kitaachwa kiendelee na safari yake ya kale, katika msimu upi, na nani atakayesimamia malango ya bwawa ili ahadi hiyo itimizwe.

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ramani pekee. Kabla ya mradi wowote wa maji kujengwa hufanywa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kina unaoonyesha kama mradi unawezekana kiufundi, kama faida yake inazidi gharama, na kama madhara yake kwa watu na mazingira yanaweza kuzuiwa au kufidiwa. Upembuzi huo huhitaji vipimo vya mtiririko wa mito kwa miaka mingi, na hapa ndipo upungufu ulipo, kwa kuwa katika bonde zima la Kongo vituo vya kupimia maji vilivyokuwa mamia wakati wa ukoloni vimebaki vichache. Aidha, milima ya Masisi imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake kwa kupisha malisho na mashamba, udongo wake wa miteremko mikali humomonyoka kila mvua kubwa inaponyesha, na machimbo kama yale ya koltani ya Rubaya huongeza matope mitoni. Tope hilo, ambalo wataalamu huliita mashapo, hutulia maji yanapopunguza mwendo, likajaza bwawa na mfereji, hivi kwamba kupanda miti na kutengeneza matuta katika vilima vya Masisi kungekuwa sehemu ya ujenzi wenyewe, wala si hisani ya kuongezwa baadaye. Vivyo hivyo, sehemu za Walikale zimo ndani ya hifadhi za taifa za Maiko na Kahuzi-Biega, makao ya sokwe wakubwa wa nchi tambarare ya mashariki ambao hawapatikani popote duniani nje ya Kongo, na mfereji mpana unaokata msitu huwatenga wanyama wa pande mbili kama ukuta.

Upande wa pili wa safari nao unataka uchunguzi wa haki. Ziwa Chadi lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 25,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha likasinyaa vibaya kutokana na ukame wa miaka ya 1970 na 1980 na mabadiliko ya matumizi ya maji, likawaacha wavuvi, wafugaji na wakulima wa Nigeria, Nijeri, Chadi na Kameruni katika dhiki ambayo hakuna mtu wa Kivu, anayejua maana ya kuhama kwa lazima, angeidharau. Hata hivyo, tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba tangu miaka ya 1990 ziwa halikuendelea kukauka kama ilivyosemwa mara nyingi, bali hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua. Mahitaji halisi ya maji ya ziwa hilo, basi, yanapaswa kupimwa upya kabla ya kuamua ukubwa wa mfereji.

Habari za fedha zilipata nguvu mpya kuanzia mwaka 2016, pale Tume ya Bonde la Ziwa Chadi, iliyoundwa mwaka 1964 na nchi nne zinazolizunguka ziwa, ilipokubaliana na kampuni ya Kichina ya PowerChina kuhusu uchunguzi wa mradi. Mwezi Februari 2018 mkutano wa kimataifa uliofanyika Abuja, Nigeria, uliunga mkono uhamishaji wa maji kutoka bonde la Kongo, ukaitaka Benki ya Maendeleo ya Afrika iunde mfuko wa dola bilioni 50 kwa ajili ya ziwa, na Italia ikaahidi euro milioni 1.5 kwa ajili ya upembuzi yakinifu. Kiasi cha bilioni 50 kilizidi mara kadhaa bajeti ya mwaka ya taifa la Kongo ya wakati huo, na hakuna nchi ya ukanda huo inayoweza kukitoa peke yake. Fedha za namna hii hutoka katika vyanzo vitatu: ruzuku, ambayo hairudishwi, mkopo, ambao hulipwa pamoja na riba kwa miongo kadhaa, na mtaji wa makampuni, ambayo hujenga kisha huachiwa kukusanya mapato ya umeme, maji na ushuru wa vyombo vya majini kwa muda uliokubaliwa. Kila chanzo kina mwenyewe, na kila mwenye fedha hutaka kujua ni mapato gani yatakayomrudishia chake.

Hapo ndipo hesabu ya Kongo inapokuwa ngumu, kwa sababu nchi inayotoa maji si mwanachama wa tume inayoyaomba. Ikiwa maji yatatoka Walikale na mazao yatavunwa kando ya Ziwa Chadi, ni lazima mkataba uandikwe utakaosema Kongo italipwa nini, na katika malipo hayo wilaya zenye mito zitapata fungu gani. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 9, inaipa serikali mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, maji na misitu, na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inaifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali; lakini katika usultani wa Wahunde na wa Bashali, na katika sekta za Osso-Banyungu, Katoyi, Wanianga na Bakano, huko Masisi na Walikale, familia hulima kwa haki za kimila zinazotambuliwa na mwami, yaani chifu wa jadi, na wakuu wa vijiji bila hati, na Masisi imeshuhudia kwa miongo mingi jinsi mgogoro wa ardhi unavyozaa vita. Fidia inayowalenga wenye hati peke yao ingewaacha mikono mitupu walio wengi.

Juu ya hatari ya kuwapuuza wenyeji, mfereji wa Jonglei, nchini Sudan kabla kusini haijajitenga, umeacha fundisho lililo wazi. Kazi yake ilikuwa kuyapitisha maji ya Nile Nyeupe kando ya kinamasi cha Sudd ili yasipotee kwa mvuke, na yawafikie wakulima wa Sudan ya kaskazini na Misri, nchi mbili zilizokubaliana kugawana gharama. Mwaka 1974 watu waliandamana mjini Juba kuupinga; uchimbaji ukaanza hata hivyo mwaka 1978, na kilomita 260 hivi kati ya 360 zilikuwa zimekwisha chimbwa vita vya wenyewe kwa wenyewe viliporejea na kazi ikasimama mwanzoni mwa 1984. John Garang, aliyeongoza jeshi lililousimamisha, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1981 juu ya mradi huohuo. Fedha zilikuwapo, mitambo ilikuwapo, lakini ridhaa ya Wadinka, Wanuer na Washilluk haikutafutwa, na handaki lile limebaki hadi leo bila maji.

Masisi na Walikale zina sababu zaidi ya kudai utaratibu ulio bora, kwa kuwa vita bado havijaisha huko: katika miezi ya kwanza ya mwaka 2025 mji wa Masisi na baadaye mji wa Walikale iliingiwa na wapiganaji wa kundi la waasi la M23, na hakuna mpimaji wa mto wala mkopeshaji anayeweza kufanya kazi penye risasi. Zina pia jambo la kutarajia. Walikale ni nchi ambayo kwa miaka mingi madini ya mgodi wa Bisie yalisafirishwa kwa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya Kilambo, kwa sababu barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu kwenda Kisangani kupitia Walikale na Lubutu, ilikuwa imeharibika. Njia ya maji inayopitika, umeme wa mabwawa madogo na bandari za mtoni zingebadili maisha ya mkulima wa michikichi na mchuuzi wa ndizi.

Utaratibu unaofaa, basi, ni huu: kwanza amani na vituo vya kupimia maji katika Lowa, Oso na vijito vyake; kisha mazungumzo ya hadhara na wami, wanawake wakulima, wavuvi na vijana wa machimboni, katika lugha wanazozielewa; kisha mkataba wa mataifa, unaopitiwa na bunge la Kinshasa, wenye kutaja kiasi cha maji, malipo na fungu la wilaya; na baada ya hayo yote ndipo mfuko wa fedha ufunguliwe. Mwenye maji akishirikishwa tangu mwanzo, anaweza kukubali, kurekebisha au kukataa akiwa na hoja, na nchi jirani zenye kiu zitajua kwamba kile zilichopewa zimepewa kwa hiari na hakitadaiwa kwa bunduki.