Siku ya kuzaliwa chini ya maporomoko ya Sanje

KATIKA miji yetu, na hasa Dar es Salaam, sherehe ya siku ya kuzaliwa imejipatia taratibu zake zinazojulikana na kila mtu. Keki hukatwa, wenzi hulishana mbele ya kamera, na kabla mwenye siku yake hajamaliza kufuta sukari mdomoni, ndoo ya maji humwangukia kutoka nyuma. Asiyemwagiwa maji huhesabiwa kuwa hakusherehekewa.

Katika miaka ya karibuni wenzi wenye uwezo wa wastani wameanza kuuchoka ukumbi na kuifanya siku hiyo kuwa safari. Wapo wanaovuka kwenda Zanzibar, wapo wanaochagua hoteli za pwani zenye mabwawa ya kuogelea na mitelezo ya maji, na wachache wenye fedha zaidi hufika Dubai, au hata Florida nchini Marekani, ambako Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971, imejengwa maalumu kwa ajili ya kumfurahisha mtu aliye likizoni. Katika vituo vya namna hiyo kila kitu kimepangwa: mlima ni wa saruji, mto huendeshwa kwa pampu, na jioni ikifika swichi huzimwa.

Makala haya yanaeleza juu ya mahali ambapo mambo hayako hivyo, nako ni bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kuanzia Kidatu hadi Ifakara. Hakuna bembea wala mtelezo huko. Yapo maji yanayoanguka takriban mita 170 kutoka ukingo wa Milima ya Udzungwa, na yupo mwongozaji anayekupeleka kwa miguu hadi yanakoangukia. Hata hivyo, maji hayo yana historia, na anayekwenda kuyafurahia hana budi kuifahamu.

Tuchukue mfano wa mume na mke waishio Tabata, ambao mke anatimiza miaka 30 mwezi Agosti. Wakitoka alfajiri kwa gari watapita Morogoro na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha katika mji wa Mikumi wataiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya kushoto inayokwenda Kidatu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni kilometa zipatazo 350. Zamani kipande cha Kidatu hadi Ifakara, chenye kilometa zipatazo 67, kilikuwa ndicho kinachowavunja watu moyo kwa vumbi na matope, lakini sasa kina lami. Reli ya TAZARA nayo hupita chini ya milima hiyohiyo na ina vituo Mang'ula na Ifakara. Treni ina raha yake kwa wapenzi wasio na haraka, ila ratiba yake iulizwe mapema, kwa kuwa imekuwa ikibadilika mara kwa mara.

Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Aliyezoea Mikumi au Serengeti atashangazwa na jambo moja, nalo ni kwamba ndani ya msitu huu hakuna kuzunguka na gari kutafuta wanyama. Mgeni hutembea, na kutembea na mwongozaji ni lazima. Kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, na ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha mgeni wa nje anayetozwa kwa dola. Malipo ya mwongozaji ni ya ziada. Mke wa Tabata aambiwe mapema kuhusu viatu. Njia ya Sanje ni ya kupanda kweli, huchukua saa kama nne kwenda na kurudi, na viatu vya harusini havitafika juu.

Njia hiyo huanzia kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, ukirudi upande wa Kidatu. Maporomoko yamegawanyika katika ngazi tatu. Ile ndefu haionekani yote kwa mara moja. Husikika kwanza, kisha hewa hupoa, kisha nguo huanza kulowa kabla mtu hajaona maji yenyewe. Katika madimbwi ya ngazi za juu na yale ya chini watu huoga, mwongozaji akiruhusu kulingana na nguvu ya maji ya siku hiyo. Kwa anayeshika desturi ya kumwagiwa maji, hapa ndoo haihitajiki. Keki, kwa upande wake, ni heri ibaki hotelini, kwa sababu msituni wapo wanaojua kuidai.

Miongoni mwa wenyeji hao wa mitini ni mbega wekundu wa Udzungwa, wenye nywele nyekundu utosini, na nyani mwingine wa kijivu ambaye dunia ya wasomi ilimfahamu mwaka 1979 tu. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa karibu na Sanje waliposikia mlio wasioutarajia katika sehemu hii ya nchi. Wenyeji hawakushangaa. Walikuwa na jina lake tangu zamani, ng'olaga. Vitabuni mnyama huyo amepewa jina la kijiji cha Sanje, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya milima hii. Mwaka 2008 alitangazwa pia mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga, jamii ya sange, mwenye uso wa kijivu, ambaye naye alikuwa akiishi humu bila kuandikwa.

Sababu ya utajiri huo ndiyo sababu ya maji. Udzungwa ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa, ikitazama upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi. Msitu huanzia tambarare, kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi karibu na kilele cha Luhombero chenye mita zaidi ya 2,500. Mawingu hunaswa na miti, mvua huingia katika udongo laini wenye majani yaliyooza, kisha hutolewa kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa hiyo mwezi Oktoba, wakati mito mingi ya nchi kavu imebaki mchanga, Sanje bado inanguruma. Vijito vya namna hiyo ndivyo vinavyowapa maji wanavijiji wa chini ya mlima, na ndivyo vinavyoulisha mto Kilombero.

Wanavijiji hao wamelipa gharama yao. Kwa miaka mingi baada ya hifadhi kuanzishwa, wanawake wa vijiji jirani waliruhusiwa kuingia siku moja kwa juma kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Wahifadhi walikuwa na hoja nzito, maana kuni kavu na mti mbichi hukatwa kwa panga lilelile, na nyuma ya mzigo wa kuni mtego wa mnyama hufichika kwa urahisi. Lakini mama aliyekuwa akipikia kuni za mlimani alilazimika kununua mkaa au kupanda miti yake mwenyewe, na si kila mmoja alikuwa na kipande cha ardhi cha kupandia. Mgeni anayepanda Sanje kwa furaha hupita pale ambapo jirani wa hifadhi hapiti tena. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ni sababu tosha ya kulala na kula kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka Dar es Salaam na kurudi na mifuko ya taka.

Katika ukingo huohuo wa milima, upande wa kusini-magharibi, kuna korongo jingine ambalo wapenzi wetu hawatapelekwa kusherehekea, nalo ni Kihansi. Habari zake zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa zinaonyesha nini hutokea pale maporomoko yanapopewa swichi.

Katika miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikiandamwa na mgao wa umeme. Bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975 na lenye uwezo wa megawati 204, halikutosha. Ikaamuliwa kuyakinga maji ya mto Kihansi juu ya maporomoko yake na kuyapitisha ndani ya mlima hadi kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, watafiti walimkuta korongoni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimeta tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio kamili. Alikuwa akiishi katika eneo la hekta chache tu, mahali ambapo maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana. Makao yake yote duniani yalikuwa madogo kuliko viwanja vya michezo vya baadhi ya shule zetu.

Mwaka 2000 mitambo ilipokuwa imeanza kazi, sehemu kubwa kabisa ya maji ilihamia kwenye mabomba na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wengine wakalelewa Toledo. Huku nyuma, mabomba ya kunyunyiza maji yalitandikwa kwenye miteremko ya korongo ili kuiga kile kilichokuwa kikifanywa bure na mto. Kwa muda ilionekana kufaulu, na hadi katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa maelfu mengi. Kisha wakaporomoka ghafla, na mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura katika nchi nyingi ulitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirejeshwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Si haki kuwabeza walioamua kujenga Kihansi. Wengi wetu tuliwasha taa kwa umeme wake. Lakini anayesimama Sanje aelewe kwamba manyunyu yanayomlowesha si kitu kinachoweza kununuliwa dukani na kufungwa upya.

Ikiwa likizo ni ya siku tatu, siku moja iachwe kwa Ifakara yenyewe, mwendo usiofika saa moja kutoka Mang'ula. Karibu na Mang'ula barabara inapita juu ya njia maalumu iliyochimbwa kwa ajili ya tembo wanaotembea kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamekaribia kuziba kabisa njia zao za asili. Ng'ambo ya mji liko Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384 na lililozinduliwa mwaka 2018. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, na wenyeji hawajasahau Januari 2016, MV Kilombero II kilipozama. Jioni nzuri ni kusimama hapo na kutazama mitumbwi ya wavuvi wa Kindamba, kisha kurudi mjini kula wali wa mchele wa hapohapo na kambale au perege.

Bonde hilo liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mto wake huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yaani ndio tegemeo kubwa la Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Sheshe, swala wa majini ambaye wakati fulani sehemu kubwa ya wote waliobaki duniani walikuwa hapa, amepungua mno kutokana na mifugo, mashamba na ujangili. Mgeni asiahidiwe kumwona.

Jambo la mwisho ni mbu. Ifakara inawajua kuliko mji wowote nchini, kwa kuwa utafiti ulioanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950 ndio uliozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Hapa, mwaka 1997, ulianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na ilibainika kwamba watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani yake waliongezewa uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Wapenzi wakague chandarua cha chumba chao kabla ya kukagua mandhari ya dirishani.

Kuhusu tarehe, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Machi na Aprili njia za mlimani huteleza na bonde hujaa maji, kama Ifakara ilivyoshuhudia katika mafuriko ya mwaka 2024. Aliyezaliwa katika miezi hiyo amwagiwe maji nyumbani kama kawaida, na safari yake iahirishwe hadi Julai.