Jozi zangu za Hollywood, nikizitazama kutoka Kitengela

Kwetu Pwani ukitaja jozi ya senema, watu wazima watakujibu kwa majina mawili: Raj Kapoor na Nargis. Aliyekuwa kijana wakati wa Awaara anaweza kukuimbia wimbo wake hata leo, maneno yote, na Kihindi hakijui. Siwapingi. Lakini mimi nina watu wangu wengine, wale wa Hollywood ya zamani, wa filamu zisizo na rangi na zile za mwanzo zilizotiwa rangi. Na tangu nihamie huku Kitengela kwa ajili ya kazi, mapenzi hayo yamezidi badala ya kupungua. Sababu yake iko barabarani.

Kitengela ni mji wa kaunti ya Kajiado, nje kidogo ya Nairobi. Ukishika barabara ya Namanga kuelekea kusini utapita Isinya, kisha Kajiado mjini, kisha Bissil, hadi mpakani, na ukivuka ukaendelea unafika Arusha. Upande wa magharibi iko milima ya Ngong. Kushoto kwako, asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro imekaa na kofia yake nyeupe. Katika nchi hii na jirani zake, nyota wakubwa wa Hollywood waliletwa miaka ya hamsini na sitini kuja kupendana mbele ya kamera. Wengine walikuja kweli. Wengine walijengewa kambi studioni, na mlima ukawekwa nyuma yao. Nimewatazama wote, na nina hukumu yangu.

Kwanza nieleze ninavyopima, maana kila shabiki ana mizani yake. Uzuri wa sura haunitoshi. Wazuri walikuwa wengi Hollywood, na wengi wao ukiwaweka pamoja unaona sanamu mbili dukani. Jozi kwangu ni watu wawili ambao kila mmoja ana lake analolitaka, wala hakubali kulitoa bure. Wakigombana nataka nishindwe kujua nimuunge mkono nani. Steringi anayeshinda kila ubishi tangu mwanzo ananichosha.

Nianze na mlima, kwa kuwa ndio ulio karibu. The Snows of Kilimanjaro ya 1952 ilimweka Gregory Peck na Ava Gardner, Susan Hayward akiwa mke. Hadithi ni ya Ernest Hemingway, ya 1936: mwandishi amelala kambini, mguu umeoza, ndege mlamizoga wanamngoja, naye anakumbuka maisha aliyoyatapanya. Katika hadithi anakufa. Katika filamu anapona, kwa kuwa wenye fedha hawakupenda watu watoke ukumbini na msiba. Peck na Ava waliigizia studioni Marekani, lakini Hemingway mwenyewe alikuja Kajiado. Mwishoni mwa 1953 alipiga kambi Salengai, kisha Kimana upande wa Loitokitok, akapewa cheo cha heshima cha askari wa wanyamapori kwa muda. Mwaka uliofuata akatunukiwa Nobel.

Peck na Ava nawapenda kwa sababu hawafanani hata kidogo. Peck ni mtulivu kama kadhi, Ava ni moto wa makumbi. Walicheza pamoja filamu tatu, ya kwanza ikiwa The Great Sinner ya 1949 na ya mwisho On the Beach ya 1959. Urafiki wao haukuishia kwenye kamera. Ava alipofariki London mwezi Januari 1990, Peck ndiye aliyemchukua mtumishi wake wa nyumbani pamoja na mbwa wake, wakaenda kuishi kwake. Baada ya kulijua hilo sikuweza tena kuziangalia filamu zao kama nilivyoziangalia zamani.

Ava huyo huyo alikuja Kenya kweli, kwa ajili ya Mogambo. Walifika Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Mwongozaji alikuwa John Ford, steringi Clark Gable, na pamoja nao alikuwapo binti aliyetimiza miaka 23 mwezi huo huo, Grace Kelly, ambaye miaka michache baadaye angekuwa mke wa mfalme mdogo wa Monaco. Frank Sinatra alimsindikiza Ava, maana walikuwa wameoana mwaka mmoja tu nyuma, na kazi zake yeye zilikuwa zimedorora. Akaitwa Marekani kujaribiwa kwa filamu ya From Here to Eternity, akapata nafasi, na nafasi hiyo ikampa Oscar.

Hapo niseme kidogo kuhusu jina. Watu wa studio walieneza kwamba mogambo ni Kiswahili, na kwamba maana yake ni mahaba makali. Kiswahili cha wapi? Si cha Mvita, si cha Lamu, si cha Unguja. Sisi tunalo la mgambo, ambalo likilia lina jambo, na halihusiani na kubusiana. Wengi wetu Pwani tukisikia Mogambo tunamkumbuka yule jambazi wa Mr. India ya 1987, aliyeigizwa na Amrish Puri, na nadhani yeye alilitumia jina vizuri zaidi.

Gable alikuwa ameicheza hadithi hiyo hiyo miaka 20 kabla, katika Red Dust ya 1932, akiwa na Jean Harlow. Mwanamume yule yule, kisa kile kile: mwanamume kati ya mwanamke mcheshi asiye na lawama na mke wa mtu. Katika Mogambo Gable ana miaka 51 na anaonekana amechoka, lakini Ava anamwamsha. Ile sehemu anayowalisha watoto wa wanyama huku akiwakemea kama watoto wa jirani, sidhani kama kuna mwandishi aliyeiandika vile, ameitoa mwenyewe moyoni. Grace Kelly yuko sawa, lakini kwangu ndiye yule sanamu wa dukani. Kuna kichekesho pia: Hispania ya wakati ule haikutaka watu waone mke wa mtu akipenda nje, kwa hiyo walipoingiza sauti za Kihispania wakamfanya yeye na mumewe kuwa kaka na dada. Fikiria ndugu hao wanavyotazamana kwenye hema.

Basi mapenzi yote hayo, na huku nchi inawaka. Watu walikuwa wanakamatwa na kuhamishwa siku zile zile kamera zinazunguka, na filamu haina hata dalili. Weusi waliomo wanabeba mizigo, wanapiga makasia, wanaimba, wanatoka. Tena serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa ikiamua filamu ipi Mwafrika aruhusiwe kuiona na ipi asiione. Hili ndilo swali ambalo mimi, shabiki, siwezi kulikwepa kila nikipita Isinya na kuiona nyika ile. Nampenda Ava. Lakini babu yangu angekuwa wapi katika picha hiyo? Nyuma, na sanduku lake kichwani.

Swali hilo linauma zaidi katika filamu ninayoipenda kuliko zote zilizopigwa kwetu, The African Queen ya 1951. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, mwongozaji John Huston, picha zikapigwa Kongo na Uganda. Kisa kinaanza 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani: mlevi mwenye mashua mbovu na dada wa mmisionari wanateremka mto ili wakaizamishe manowari ya Wajerumani ziwani. Jozi ikiwa ni somo, hiki ndicho kitabu chake. Yeye anamwaga chupa zake zote za pombe mtoni, moja baada ya nyingine, bila kusema kitu. Bogart ananuna. Kisha wanalazimika kusaidiana, kuvuta mashua matopeni, kutoana ruba, na bila mtu kutamka neno kubwa unaona wamekuwa mume na mke. Hawana ujana wala nguo nzuri, na bado hakuna jozi ya vijana inayowashinda. Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa filamu hiyo. Inajulikana pia kwamba wengi waliugua kwa maji kule kambini, ila Bogart na Huston, ambao maji hawakuyagusa, walikunywa wiski.

Lakini tazama mwanzo wake. Kijiji kinachomwa moto, wanakijiji wanaswagwa na askari, na baada ya hapo hatuambiwi tena wameenda wapi. Sisi tunajua walikwenda wapi. Walikwenda kubeba mizigo ya vita, makumi ya maelfu wakafa, na majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na wapagazi hao. Anayepita barabara ya Jomo Kenyatta pale Mombasa anaziona sanamu za kumbukumbu yao. Filamu inawasahau dakika chache baada ya kuanza, ili tupate nafasi ya kuwatazama Bogart na Hepburn. Nami nawatazama, tena kwa furaha. Siwezi kusema uongo.

Bogart na mkewe Lauren Bacall sitawakawilia. Filamu nne, kuanzia To Have and Have Not ya 1944 hadi Key Largo ya 1948, na katika ile ya kwanza Bacall, akiwa msichana tu, anamtazama mtu mzima yule mpaka anapoteza la kusema. Bogart na Ingrid Bergman wa Casablanca ni wa kila mtu, hawahitaji mimi. Na Hatari! ya 1962, ya John Wayne na Elsa Martinelli, iliyopigwa Momella chini ya mlima Meru, ukishuka barabara hii yetu ya Namanga hadi Arusha, naipenda kwa ajili ya vifaru na magari. Jozi yenyewe haina chumvi. Angalau jina wamelipata sawasawa.

Sasa nifike kwa mtu aliyenisaidia kulibeba lile swali langu: Sidney Poitier. Mwaka 1957 ilitoka Something of Value, inayozungumzia Kenya ya Mau Mau, na sehemu yake ilipigwa hapa nchini. Poitier ni Kimani, Rock Hudson ni Peter, mtoto wa mlowezi. Wamekua pamoja kama ndugu. Siku moja shemeji yake Peter anampiga Kimani kofi kwa kukataa amri. Kimani hajibu kwa mkono. Anaondoka, anaingia msituni, na kofi lile ndilo linaloivunja jozi yenyewe na kila kitu kingine. Filamu ina upande wake, na upande huo si wetu: mwisho Kimani anakufa na Peter ndiye anayebaki na mtoto wake. Lakini uso wa Poitier baada ya kofi, hakuna aliyeweza kuuhariri. Kwa mara ya kwanza katika filamu hizi za nchi yetu, jozi inatimiza ile mizani yangu, kwa sababu mwenzake naye ana lake analolitaka.

Miaka 10 baadaye, 1967, Poitier akacheza In the Heat of the Night na Rod Steiger. Yeye ni mpelelezi kutoka mji wa kaskazini, Steiger ni mkuu wa polisi wa kusini asiyewapenda weusi, na wanalazimika kufanya kazi pamoja. Tajiri wa mashamba ya pamba anampiga Poitier kofi. Poitier analirudisha papo hapo, kwa nguvu ile ile, na Steiger amesimama pale hajui afanye nini. Ukiziangalia filamu hizo mbili usiku mmoja, kama nilivyofanya, unahisi kwamba kofi la 1957 lilikuwa angani miaka yote ile likitafuta pa kutua. Steiger alipata Oscar, na filamu ikachukua tuzo kubwa. Hii ndiyo jozi yangu namba moja, wala hakuna mapenzi ndani yake.

Mwaka huo huo Poitier alikuwemo katika Guess Who's Coming to Dinner, filamu ya tisa na ya mwisho ya Spencer Tracy na Katharine Hepburn. Tracy alikuwa mgonjwa sana, akafariki Juni 10 mwaka ule, siku 17 baada ya kumaliza kazi. Ile hotuba yake ya mwisho, akimzungumzia mkewe, Hepburn anamtazama machozi yamemlenga, na hayo si maigizo.

Poitier ana jambo jingine ambalo wengi hapa hawalijui. Tom Mboya alipokwenda Marekani 1959 kutafuta njia ya kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni, barua ya kuwaomba watu michango ilitiwa saini na watatu: Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier. Septemba ile ndege ikaondoka na wanafunzi 81. Safari zilizofuata zilimchukua pia Wangari Maathai, mwaka 1960. Gable alikuja akaondoka na picha nzuri za Kenya. Poitier alimcheza Kimani, kisha akasaidia kina Kimani wa kweli kulipiwa nauli na karo.

Anayetaka kuanza, aanze na The African Queen akiwa na mkewe au mumewe, watoto wakiwepo haina neno. Zile mbili za makofi ziangaliwe kwa mfuatano, ya 1957 kwanza. Mogambo mwekee mama mkwe anayependa vituko, na umwambie mapema kwamba neno lile silo letu.